Aliona au Alisikia

Fomu ya kujitolea ilikuwa na maswali saba. La nne liliuliza mtu ana ujuzi gani wa kuifaa jamii. Nukta aliandika: Kuandika kinachosemwa, kama kilivyosemwa.

Hakuwa anajisifu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa mahakama. Alikaa mbele ya hakimu na kuandika maneno ya wanaosema kweli na ya wanaodanganya kwa mwandiko ule ule. Jina la Nukta alipewa na mawakili, kwa sababu shahidi alipoanza kuzunguka, yeye aliweka nukta na kusubiri. Alipostaafu, jina halikustaafu. Fomu aliletewa na mwanawe, aliyechoka kumkuta akisahihisha kwa kalamu nyekundu maandishi ya kwenye boksi la dawa ya meno.

Kikundi cha kujitolea kilikuwa na ofisi katika chumba kilichokuwa zamani studio ya picha. Ukuta wa nyuma bado ulikuwa na anga ya bluu na mawingu matatu. Mbele ya mawingu kulikuwa na meza, simu mbili, na ramani ya mtaa iliyochorwa kwa mkono. Aliyekiongoza ni Mwalimu, mtu wa michezo, mwenye sauti iliyopimwa kwa ukubwa wa uwanja. Kila mtu alimpenda, na yeye alimpenda kila mtu, hadi alipoletewa Nukta.

Kwanza alimpangia kutembelea wagonjwa. Mgonjwa wa kwanza alimwambia, "Naona leo nina nafuu, eti?" Nukta akamtazama vizuri, akajibu, "Jumatano ulikaa mwenyewe. Leo umeegemezwa mito mitatu." Mgonjwa alicheka. Dada zake hawakucheka, na simu ilimfikia Mwalimu kabla Nukta hajafika nyumbani.

Kisha alimpangia kuwasomea watoto baada ya shule. Mtoto mmoja alisimulia jinsi mjomba wake alivyoua nyoka mrefu kama barabara. "Ulikuwepo?" Nukta aliuliza. Mtoto akasema hapana. "Nani alikuambia?" Mjomba. "Mwingine aliyemwona huyo nyoka ni nani?" Mtoto akalia.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu alimwita. Fomu ilikuwa mezani. Chini kabisa, kwenye nafasi ya uamuzi wa kikundi, palikuwa na maneno ya penseli ambayo Mwalimu aliyafunika kwa kiganja.

"Mama," alianza, "kujitolea kuna namna nyingi. Wengine wanajitolea hata kwa kutuombea tu, wakiwa nyumbani."

"Unataka kuniondoa."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema bado."

Kinyozi, mmoja wa wanakikundi, aliyekuwa akipanga vizibao vya njano kwenye kabati, alijikohoza ili asicheke.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni dada muuza dawa wa duka la kona, bado na koti lake jeupe la kazini, kamba ya kiatu kimoja ikiburuzika.

"Mwalimu, baba hayupo."

Baba yake mtaa wote ulimwita Cherehani. Alishona kwa miaka hamsini, na kwa miaka mitatu sasa alikuwa anasahau: kwanza majina, kisha siku, kisha kama ameshakula au bado. Muuza dawa alieleza haraka lakini kwa mpangilio, kama anavyoeleza dozi. Saa mbili asubuhi alimchoma baba yake sindano ya insulini, akamwachia mkate na yai mezani, akaenda kazini. Saa sita, jirani anayemletea chakula cha mchana alikuta mlango wazi. Yai halikuguswa. Mkate uling'atwa mara moja.

"Ile dawa inashusha sukari, ale asile," alisema. "Asipokula inazidi kushuka. Atatetemeka, ataloa jasho, halafu atalala. Akilala peke yake..." Aliinama akafunga kamba ya kiatu. "Nimemtafuta mwenyewe saa nzima na nusu. Ningekuja mapema."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika thelathini na tano.

Mwalimu alisimama, na papo hapo alikuwa mtu mwingine. Dakika tano hazikupita, ujumbe ulikuwa kwenye kundi la simu: Mzee Cherehani amepotea. Koti la kahawia, ndara za bluu. Huenda ameelekea kituo cha mabasi, tuangalie. Watu kumi na wanne walijibu. Ramani iligawanywa sehemu nane. Kinyozi alikabidhiwa kalamu ya kijani: sehemu ikishaangaliwa, aiwekee alama ya vema.

"Na mimi?" Nukta aliuliza.

"Wewe, Mama, tuchemshie chai. Watu watarudi wamechoka."

Alichemsha chai. Birika lilichukua muda wake, na simu nazo zilianza kuingia.

Wa kwanza kupiga alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwalimu alikuwa na tabia ya kurudia maneno anayoambiwa, kwa hiyo chumba kizima kilisikia. "Saa nne na nusu? Anapanda kule juu? Haya, asante fundi." Hakuandika kitu. Alipokata simu alisema, "Mtu anashinda na kioo cheusi usoni. Huyo atamwona nani?"

Dakika kumi baadaye alipiga muuza mikate: mzee ameonekana kituo cha mabasi. Akafuata fundi viatu: kituo cha mabasi, koti la kahawia, ndara za bluu. Akafuata mama wa mboga: kituo cha mabasi. Kwa huyo wa tatu Mwalimu alipiga meza kwa kiganja.

"Watatu. Amepanda basi la saa saba, lile linalokwenda mji wa pili."

Kuanzia hapo kila kitu kilielekea upande mmoja. Watu wa kujitolea waliambiwa waharakishe sehemu zao wakutane kituoni, wawahoji makondakta. Rafiki wa Mwalimu mwenye gari aliombwa aje. Muuza dawa angeondoka na gari hilo kulifuata basi, na mfuko wake wenye asali, glukosi na kipimo cha sukari. Alama za vema zilijaa kwenye ramani, moja baada ya nyingine, hadi sehemu zote nane zikawa za kijani.

Nukta alimpa muuza dawa kikombe cha chai, naye akakishika bila kunywa. Kisha Nukta aliichukua fomu yake mezani, akaigeuza upande usio na kitu, akachora safu nne. Nani. Wapi. Saa ngapi. Aliona au alisikia. Safu tatu aliweza kuzijaza kwa yale aliyosikia. Ya nne ilibaki tupu mistari yote.

"Mwalimu, hawa watatu uliwauliza kama walimwona kwa macho yao?"

"Wamesema ameonekana."

"Ameonekana na nani?"

"Mama, tafadhali. Hapa si mahakamani."

"Najua. Mahakamani tulikuwa na siku ya kuahirisha. Na fundi wa kuchomelea?"

"Huyo ni mmoja. Wale ni watatu. Wengi wape."

"Wengi ni wangapi?"

Mwalimu aligeukia simu yake. Nukta akachukua ile ya pili.

Muuza mikate alipokea haraka. "Mimi? Hapana, nilikuwa na wateja. Fundi viatu ndiye kaniambia, tumepakana."

Fundi viatu aliongea na misumari mdomoni. "Mama wa mboga kasema. Mpaka rangi ya ndara kaitaja, sasa mtu atabuni rangi ya ndara?"

Mama wa mboga alikuwa katikati ya kelele za soko. "Kumwona? Sikumwona, dada yangu. Nimesoma kwenye kundi. Si ninyi wenyewe mmeandika yuko kituoni?"

"Tumeandika huenda."

"Haya, huenda. Nikasema jamani, mzee yuko kituoni, tumwangalie. Kosa langu liko wapi?"

"Hakuna kosa. Asante."

Nukta alimwomba Kinyozi amwonyeshe ule ujumbe kwenye simu yake. Aliusoma mara mbili. Kwenye safu ya nne akaandika alisikia, mara tatu, na chini yake: Chanzo, Mwalimu, saa 7:40, "huenda."

Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Gari lilikuwa nje, injini inanguruma, na Mwalimu alikuwa tayari mlangoni.

"Mwalimu, mashahidi wako si watatu," Nukta alisema. "Ni mmoja, na ni wewe."

Alimpa karatasi. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Kwanza masikio yake yalibadilika rangi, kisha shingo. Neno lake lilikuwa limetoka kwenye chumba hicho, likazunguka sokoni, likarudi limevaa nguo za watu wengine, naye akalipokea kama mgeni.

"Haimaanishi kwamba hayupo kituoni," alisema mwishowe.

"Haimaanishi. Ina maana hatujui. Sasa nimpigie anayejua."

Alimpigia fundi wa kuchomelea, akaweka simu kwenye spika ili wote wasikie.

"Ulipomwona ulikuwa umevaa kile kioo chako cheusi?"

"Nilikivua nimsalimie. Yule mzee ndiye aliyenishonea suruali ya harusi, nimpite na kioo usoni?"

"Alivaa nini?"

"Shati jeupe."

"Na koti?"

"Koti hakuvaa. Alilibeba mkononi, limekunjwa, bitana kwa nje. Hivi, amelilaza juu ya mkono kama trei. Nikamwuliza mzee unakwenda wapi na jua hili, akasema nimechelewa, nimechelewa."

Kikombe cha muuza dawa kiligonga sahani.

"Baba habebi koti lake hivyo," alisema. "Hivyo alikuwa anabeba kazi ya mteja. Bitana kwa nje, lisiingie vumbi."

"Huko juu alikuwa na mteja gani?"

"Kiwanda cha maziwa. Sare zao zote alishona yeye. Kila Jumatatu alipeleka, akasainiwa. Lakini kimefungwa miaka tisa."

"Yeye anajua kimefungwa?"

Kinyozi alikuwa anaitazama ramani, mahali palipoandikwa kiwanda, penye alama ya vema.

"Nani aliangalia pale?" Nukta aliuliza.

"Mimi. Duka langu liko jirani, nikasema niimalize ile sehemu kabla sijakaa hapa. Nilikwenda na pikipiki nikarudi."

"Uliangalia nini?"

"Geti. Lina mnyororo na kufuli. Nikalitikisa."

"Uliita?"

"Geti limefungwa, Mama. Nimwite nani?"

"Kwa hiyo uliangalia kufuli."

Kinyozi aliitazama tena ramani. Kisha akasema taratibu, "Ukuta wa nyuma ulianguka kipindi cha mvua. Pana nafasi ya mtu kupita." Aliiweka kalamu ya kijani mezani kama kitu kilichomchoma.

Mwalimu alipangusa uso. "Nisikilizeni. Basi linafika mji wa pili saa kumi. Abiria wakishatawanyika, hatumpati tena. Tukipanda juu tukamkosa, tumempoteza kote. Siwezi kuligawa gari moja."

Ilikuwa hoja ya kweli, na kila mtu alijua hivyo. Muuza dawa alimgeukia Nukta.

"Mama, una hakika yuko huko?"

Kila mtu mle ndani alijua jibu ambalo mtu mwema angelitoa.

"Sina," Nukta alisema. "Ninalojua ni kwamba kituoni hatuna hata mmoja aliyemwona. Huko juu yuko mmoja aliyesalimiana naye. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Muuza dawa alimtazama. Kisha akauvaa mfuko wake begani.

"Twende juu," alimwambia Mwalimu.

Mwalimu angeweza kukataa, maana gari aliliomba yeye. Aliitazama tena ile karatasi, akairudisha mezani. "Mama, kaa na simu," alisema, akatoka. Kinyozi akawafuata na pikipiki yake.

Nukta alibaki peke yake na mawingu matatu. Aliandika: 8:52, gari limeondoka.

Saa tisa kamili simu iliita. Alikuwa mmoja wa watu walioko kituoni, anahema. "Tumempata kondakta wa basi la saa saba kwa simu. Anasema ndiyo, alikuwepo mzee mwenye koti la kahawia. Mwambie Mwalimu wageuze."

Nukta alishika kalamu bila kuandika. Kugeuza gari kungehitaji neno moja tu kutoka kwake.

"Alisema mwenyewe koti la kahawia," aliuliza, "au ninyi mlimwuliza kama alikuwa na koti la kahawia?"

"Tulimwuliza."

"Mpigie tena. Mwulize huyo mzee alivaa nini miguuni. Usimtajie ndara, usimtajie rangi. Uliza, kisha nyamaza."

Akakata. Alipotazama karatasi aliona ameandika 9:00 mara mbili, mstari juu ya mstari. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kufanya hivyo. Aliukata mmoja kwa mstari mnyoofu, akaweka saini ndogo pembeni kama sheria inavyotaka.

Kituo hakikupiga. Aliyepiga saa 9:08 alikuwa Mwalimu. Sauti yake ya uwanjani ilirudi na mwangwi wa kuta tupu. "Tumeingia. Uwanja mtupu. Ukumbi wa mashine mtupu. Tumeita, kimya."

"Mmeingia vyumba vyote?"

"Tunaingia."

"Kama alikuja kukabidhi kazi, atakuwa amekwenda kwa mpokeaji. Mwulize binti yake mpokeaji alikaa wapi."

Aliwasikia wakiongea mbali na simu, hatua zikikimbia juu ya vioo vilivyovunjika. Wakati huo huo simu ya pili iliita. Aliiweka kwenye sikio la pili.

"Kondakta anasema viatu vyeusi," alisema mtu wa kituoni. "Vya ngozi, vinang'aa. Tena anasema alikuwa na mkewe."

"Asante. Rudini."

Aliandika. 9:11, kondakta: viatu vyeusi. Si yeye. Kwenye simu ya kwanza hatua zilikuwa zimekoma. Kisha akasikia sauti ya muuza dawa, si kelele, neno moja tu: "Baba." Kisha tena. Kisha tena. Hakuna aliyeitika.

"Mwalimu, semeni mnachokiona."

"Yuko kwenye benchi." Mwalimu alikuwa ananong'ona sasa. "Chumba kidogo cha dirisha la mapokezi. Ameegemea ukuta. Shati limelowa lote. Anapumua, lakini haitiki."

Nukta aliandika: 9:13, amepatikana. Anapumua. Haitiki.

"Anafanya nini binti?"

"Anampaka asali kwenye fizi. Kidogo kidogo."

Nukta alisubiri. Nje mtu alipita akiburuta toroli lenye gurudumu bovu, likalia mtaa mzima. 9:16. 9:18. Kalamu yake ilikuwa imegusa karatasi mahali pamoja muda mrefu hadi wino ukafanya duara.

"Amemeza," Mwalimu alisema.

9:20, amemeza.

"Amefumbua macho. Anakunywa glukosi sasa. Ngoja. Ngoja, anasema kitu."

"Anasema nini?"

Sauti ya Mwalimu ilikatika katikati. "Anasema karani wa kupokea amechelewa sana leo."

Nukta aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akatia nukta.

Mwalimu alirudi saa kumi na moja kasoro, baada ya kuwaacha baba na binti zahanati. Suruali yake ilikuwa na vumbi la ukuta. Alikaa, akaivuta karatasi, akaisoma kutoka juu hadi chini, na kidole chake kikasimama penye neno Chanzo.

"Huu mstari lazima ubaki?"

"Lazima."

"Na jina langu?"

"Lisipobaki, wiki ijayo tutafanya hivi hivi."

"Nilitaka watu waanze mahali fulani tu."

"Najua. Ndiyo maana nimeandika na huenda yako. Ulisema huenda. Walioiacha ni wengine." Akaongeza, "Na wewe pia, baadaye."

Mwalimu alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyepatikana. Akaigeuza karatasi, ikawa fomu tena. Alitafuta kifutio kwenye droo, akafuta maneno yake ya penseli bila kuyasoma, na juu ya alama iliyobaki akaandika kwa wino: Simu na daftari.

"Chai," alisema, "atachemsha Kinyozi."

Jumatatu iliyofuata Nukta alikuwa kwenye kiti chake, daftari jipya limechorwa safu nne, wakati muuza dawa alipoingia akiwa amemshika baba yake kiwiko. Cherehani alikuwa amenyoa. Alilibeba koti la kahawia juu ya mkono, bitana kwa nje.

"Anataka kulikabidhi," muuza dawa alisema kwa sauti ya chini. "Tangu asubuhi. Nimemwambia karani wa kupokea amehamia hapa." Akamtazama Nukta kwa macho ya kuomba. "Saini tu, Mama."

Cherehani aliliweka koti mezani, akaligeuza kwa mikono ambayo haikusahau kitu. Nukta alifungua ukurasa. Alilikagua koti mbele, nyuma, mifuko, vifungo. Akaandika: Koti moja, kahawia, vifungo vinne. Kalamu ikasimama.

"Kifungo cha tatu kimelegea," alisema.

Muuza dawa alifumba macho.

Mzee aliinamia koti. Alikivuta kifungo kwa kidole, uzi ukatoka kidogo. Akakitazama kwa muda mrefu, na uso wake, uliokuwa umetawanyika tangu aingie, ukajikusanya mahali pamoja.

"Kweli," alisema. "Siwezi kukabidhi kazi hivi." Akavuta kiti, akaketi mbele ya mawingu. "Mna sindano hapa?"

Nukta alifungua droo akampa sindano na uzi wa kahawia, kisha akaandika saa.